UZI MAALUM: Kupiga picha makasri, milima na sehemu za kumbukumbu Ulaya

Lenzi ya Lushoto (mleta uzi)

Heshima kwenu wakuu. Naona magrupu yetu yamejaa picha za watu walioko huku Ulaya kwa masomo, kazi au matembezi tu, na ukizipitia nyingi ni picha ileile moja. Mtu kasimama katikati, kasri limekatwa kichwa, mlima mkubwa umetokea kama kichuguu huko nyuma, afu caption "Alhamdulillah tumefika". Hakuna ubaya, ila mtu katumia hela nyingi sana kufika pale, anastahili picha nzuri zaidi ya hiyo. Mimi niko Ujerumani kusini, kupiga picha ni kitu nakipenda kutoka moyoni, naomba nishushe ninachokijua na nyie mnaojua mtaongezea.

Msimamo wangu uko hivi, soma habari ya mahali kabla hujainua kamera. Habari ndiyo inakwambia usimame wapi, ufike saa ngapi, na kuna sehemu inakwambia kamera irudi kwenye begi kabisa.

Nianze na makasri. Neuschwanstein kila mtu analijua, lile jeupe ambalo wanasema Disney walichukulia wazo lao. Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria aliweka jiwe la msingi 1869, akafa ziwani Juni 1886 kasri halijaisha, na wiki saba tu baadaye likafunguliwa kwa watalii, yaani mahali alipojenga ajifiche na watu, sasa wanaingia watu kama milioni 1.4 kwa mwaka. Chumba cha kiti cha enzi kipo, kiti chenyewe hakikuwahi kuwekwa. Mwaka 2025 UNESCO wameliingiza kwenye urithi wa dunia pamoja na majumba yake mengine. Ndani hairuhusiwi kupiga picha, wala usibishane na walinzi, kwa hiyo kama umeenda kwa ajili ya picha tu usijiumize sana na tiketi ya ndani, picha yako iko nje. Ila ukiwa na hela ingia, ni nusu saa hivi na mwongozaji, na ukitoka utaliangalia lile jengo kwa macho mengine.

Picha ile maarufu inapigwa kutoka daraja la Marienbrücke, kama mita 90 juu ya korongo la mto Pöllat. Daraja liko kusini mwa kasri, maana yake ukisimama pale unaangalia kaskazini na jua linakuwa mgongoni au ubavuni kwako karibu siku nzima, ndo maana picha za pale zinatoka rangi safi hata kwa simu. Tatizo ni watu. Katikati ya mchana wakati wa kiangazi utasukumwa mpaka simu ikudondoke. Fika asubuhi kabla mabasi ya watalii hayajashusha au subiri jioni, na msimu wa baridi angalia kwanza kama daraja liko wazi maana likiwa na barafu wanalifunga. Kuna watu wanaruka uzio upande wa pili kupanda juu zaidi wapate fremu pana, tafadhali msifanye hivyo, mteremko ni mkali na udongo unateleza.

Ila mimi kasri langu la moyoni ni Burg Eltz, liko kwenye bonde msituni karibu na mto Mosel. Linatajwa tangu 1157, ukoo uleule unalimiliki mpaka leo vizazi zaidi ya 30, halikuwahi kuvunjwa na vita, kitu ambacho kwa makasri ya Ujerumani ni nadra sana. Zamani lilikuwa kwenye noti ya Mark 500. Shuka stesheni ya Moselkern upande kwa miguu kufuata kijito, mwendo wa saa moja na kitu, unatokea kwa chini kabisa ukuta umekuinamia. Afu zunguka upande ule barabara inaposhukia kutoka juu, pale ndo linaonekana lote na minara yake. Ndani nako picha hakuna.

Na la tatu Hohenzollern, liko juu ya mlima wa mita 855 karibu na Hechingen. Hili usilipige ukiwa ndani yake, ukiwa ndani huoni kitu. Nenda mlima wa jirani unaitwa Zeller Horn, unaingilia upande wa Onstmettingen, fika kabla jua halijachomoza, hasa vuli, kuna siku ukungu unajaa bondeni na kasri linabaki peke yake juu ya mawingu. Hapo weka lenzi ya kuvuta, milimita 70 mpaka 200, lenzi pana itakupa ukungu mwingi na kasri dogo.

Milima na kumbukumbu nakuja nazo, hapa chini kwanza tuzungumze.

Dereva wa Fuso

Uzi umetulia mkuu. Naweka kambi hapa.

Binti Tanga

Asante sana kaka. Mimi swali langu ni moja na limenitesa muda mrefu. Nilienda mlima wa Zugspitze na wenzangu wa chuo, picha za wenzangu wazungu zote zimetoka vizuri, mimi kwenye kila picha yenye theluji sura haionekani, macho na meno tu. Dada mmoja akaniambia niongeze filta ya kung'arisha, nikageuka rangi mpaka mama aliponipigia akauliza naumwa? Shida ni simu yangu au ni nini?

Lenzi ya Lushoto

Dada yangu simu yako haina shida na wewe huna shida kabisa, hili nalisema kwa msisitizo maana watu wetu wengi wanakata tamaa hapa. Kamera inapima mwanga wa fremu nzima na inataka kila kitu kiwe cha wastani. Theluji inarudisha mwanga mkali sana, kamera inashtuka inapunguza mwanga kwenye picha yote, theluji inakuwa ya kijivu na sisi wenye ngozi nyeusi ndo tunazama kabisa. Dawa yake ipo:

Gusa uso kwenye kioo cha simu, shikilia mpaka ikafunga pale, afu pandisha kile kijua kidogo kidogo. Kwenye kamera ongeza mwanga kuanzia +1 mpaka +1.3, ukipiga theluji tupu pia ongeza hivyohivyo ndo itatoka nyeupe. Pili geuka uangalie mwanga, usiwe na jua mgongoni. Theluji yenyewe ni rafiki yako, inarusha mwanga kutoka chini unaingia mpaka chini ya kidevu na machoni, watu wanalipia studio wapate mwanga huo na wewe umeukanyaga bure. Jua la saa sita likiwa kali sogea kwenye kivuli cha jengo, uso uangalie kule kweupe, ngozi inatoka na rangi yake na ule mng'ao wake. Tatu piga faili RAW, yaani picha ghafi ambayo simu haijaichakata, kama simu inaruhusu, utaweza kurudisha uso bila kuharibu anga. Na usikubali mtu akung'arishe dada, rangi yako ndo picha.

Binti Tanga

Nimeisoma mara mbili. Barikiwa sana. Jumamosi narudi tena kwenye theluji.

Mangi Mdogo

Mleta uzi umetaja Hohenzollern ukapita tu, ngoja niongeze kitu maana sisi wa Moshi kinatuhusu. Ule ndo mlima wa asili ya ukoo wa Kaiser Wilhelm wa Pili. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika juu ya Kibo Oktoba 1889 kile kilele wakakipa jina la huyo Kaiser, na kiliitwa hivyo mpaka uhuru ndo tukakiita Uhuru. Meyer alibeba jiwe kutoka juu kule akampelekea Kaiser, likapachikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa jumba la Neues Palais pale Potsdam, ukumbi ambao kuta zake zimejaa makombe ya baharini na mawe ya kila aina. Yaani jiwe la Kilimanjaro pambo la nyumba ya mtu. Kwa hiyo mtanzania akienda kupiga picha Potsdam asipige dhahabu na bustani tu akaondoka.

Na hiyo milima ya huko tuiheshimu lakini tukumbuke Zugspitze ni mita 2,962, Matterhorn 4,478. Kibo ni 5,895.

Lenzi ya Lushoto

Mangi umenipa nguvu, ndo maana nasema soma kwanza. Hohenzollern unayoliona leo lilijengwa upya kati ya 1850 na 1867, walitaka kila anayepita bondeni aone ukoo huu ni mkubwa. Ukijua hivyo unapiga kutoka chini pia, unaliacha likukalie juu, maana hivyo ndo lilivyokusudiwa lionekane.

Sasa milima.

Kosa kubwa ni lenzi pana. Simu ikiwa kwenye 0.5 au 1 mlima unakimbia nyuma. Rudi nyuma wewe, vuta 2 au 3, mtu awe mbali kidogo na kamera, mlima unasogea na kuwa na ukubwa wake. Weka kitu cha kupimia, mtu, kibanda, treni, bila hivyo hakuna atakayejua ni mkubwa kiasi gani.

Matterhorn, kule Uswisi. Magari ya kawaida hayaingii Zermatt, kijiji cha chini ya mlima, unapanda treni kutoka Täsch. Halafu kuna treni ya meno ya Gornergrat, ipo tangu 1898, inakupandisha mpaka mita 3,089. Wengi wanaenda mpaka juu kabisa wanapiga wanashuka. Nyie shukeni kituo cha Rotenboden mteremke dakika chache mpaka kijiziwa cha Riffelsee, mlima unajiona ndani ya maji. Lazima iwe asubuhi kwa sababu mbili, upande unaouona ndo unaopigwa na jua la asubuhi, na upepo unakuwa haujaamka, maji yakichezacheza kidogo tu picha imeisha. Kiangazi mpaka mwanzoni mwa vuli, baridi ikiingia ziwa lote barafu.

Na pale Zermatt msiondoke bila kupita makaburi ya wapanda mlima karibu na kanisa. Julai 14, 1865 Edward Whymper na wenzake sita ndo wa kwanza kufika juu ya Matterhorn, wakati wa kushuka wanne wakaporomoka wakafa. Kamba iliyokatika iko makumbusho ya palepale kijijini mpaka leo. Mimi niliwahi kuiangalia ile kamba ni nyembamba mno, na nilipotoka nje nikaupiga ule mlima kwa namna nyingine, nikaacha kutafuta upande wake wa kupendeza nikatafuta ule mgongo waliokuwa wanashukia.

Mambo ya kazi: betri zinakufa haraka kwenye baridi, weka ya akiba mfuko wa ndani karibu na mwili. Ukitoka kwenye baridi kuingia mgahawani funga kamera kwenye begi kwanza iache ipate joto taratibu, la sivyo inatoka jasho mpaka ndani ya lenzi. Joto linashuka kama nyuzi 6 kila ukipanda mita 1,000 kwa hiyo msipande na tisheti kisa chini kuna jua. Na kabla ya kununua tiketi ya kupanda popote, Zugspitze, Gornergrat au Jungfraujoch ambako treni inafika mita 3,454, fungua kamera zao za moja kwa moja mtandaoni uone juu kukoje. Tiketi za Uswisi ni ghali hasa, unalipa, unafika juu unakuta ukungu mweupe pande zote, hela hairudi.

Msafiri wa Likoni

Ndugu zangu salaam kutoka Mombasa. Mimi nakuja Munich mwezi wa kumi kwa binamu yangu, wiki mbili hivi inshallah, visa ishatoka. Pesa si nyingi. Nifanye vipi niweze kufika hizi castle bila kufilisika? Na kuna mtu ameniambia nibebe drone, nibebe?

Lenzi ya Lushoto

Karibu sana ndugu yangu. Mwezi wa kumi ndo mwezi wenyewe, majani yamegeuka rangi ya shaba, watu wamepungua. Kuna tiketi moja ya mwezi mzima inaitwa Deutschlandticket, ilianza Mei 2023 kwa euro 49 na imekuwa ikipanda, mwaka 2025 ilikuwa 58. Inakupandisha treni zote za mikoa, mabasi, tramu, nchi nzima, isipokuwa zile za kasi. Kutoka Munich mpaka Füssen ni saa mbili, unachukua basi mpaka Hohenschwangau chini ya kasri, pale unapanda kwa miguu dakika 30 mpaka 40. Ni ya kujiunga kila mwezi kwa hiyo usisahau kuikatisha mapema, binamu atakusaidia. Kama unatoka siku moja moja tu kuna Bayern-Ticket ya siku, mkiwa wengi mnagawana inakuwa rahisi zaidi.

Droni iache nyumbani. Ulaya droni yoyote yenye kamera lazima ujisajili, mwisho mita 120 juu, na kwenye makasri ya Bavaria imekatazwa. Usije ukaanza safari yako na faini.

Kijana wa Kitaa 255

Mkuu mimi naomba kutofautiana kidogo kwenye hiyo ya "kamera irudi kwenye begi". Niko Berlin, pale kwenye mawe ya kumbukumbu ya Wayahudi karibu na Brandenburger Tor, vijana wa kila taifa wanakaa juu ya mawe wanapiga picha wanacheka, watoto wanaruka ruka. Ni sehemu ya wazi, haina geti, haina mlinzi wa kukufukuza kila dakika. Mimi nilipiga pale na suti yangu ya graduation, ni mistari mizuri sana, mwanga unaingia katikati fresh kabisa. Sasa kosa liko wapi? Wafu hawasikii, na sisi siyo tuliowaua.

Binti Tanga

Hapana jamani, kwenye makaburi ya kwenu ungevaa suti ukacheka juu ya kaburi?

Kijana wa Kitaa 255

Pale siyo kaburi dada. Hakuna aliyezikwa pale.

Lenzi ya Lushoto

Hoja nzuri na nimefurahi umeisema wazi kwa sababu wengi wanaifikiria kimyakimya. Twende taratibu.

Ile kumbukumbu ilifunguliwa Mei 2005, aliyeibuni ni Peter Eisenman, ni nguzo za zege 2,711, hakuna majina juu yake, ardhi inashuka kadiri unavyoingia ndani mpaka nguzo zinakuzidi urefu na sauti za barabarani zinapungua. Ameifanya ya wazi kwa makusudi, watu waingie humo bila geti. Kwa hiyo ni kweli huzuiwi kupiga picha. Lakini imewekwa kwa ajili ya wayahudi milioni sita waliouawa na Wanazi, utawala wa Hitler. Mwaka 2017 msanii Shahak Shapira alichukua selfie za watu wanaoruka na kucheka pale, akawatoa kwenye mandhari ya nguzo akawaweka juu ya picha halisi za maiti kwenye makambi. Watu waliotokea kwenye zile picha wengi waliomba radhi wakafuta za kwao. Aliwaonyesha tu wanacheka juu ya nini.

Mdogo wangu mistari na mwanga unaouona ni kweli ni mizuri, ipige. Ingia katikati kabisa, subiri mtu mmoja apite mbali kwenye njia, piga yeye mdogo na nguzo kubwa. Siku ya mawingu ni bora kuliko ya jua maana zege linabaki na rangi yake. Picha hiyo itakuwa nzuri na haitamtukana mtu. Suti ya graduation ipeleke mbele ya chuo chako au kando ya mto Spree, kuna ngazi nzuri pale karibu na bunge lao na jioni maji yanang'aa, wazazi watafurahi.

Auschwitz, kambi yao ya mauaji kule Poland, sheria ni kali zaidi na zina sababu, wameuawa watu kama milioni 1.1. Kwenye chumba chenye nywele za waliouawa na kwenye chumba cha chini cha jengo namba 11 hakuna picha kabisa, na ndani fleshi marufuku. Machi 2019 makumbusho yenyewe iliomba watu hadharani waache kutembea juu ya reli wakicheza kusawazisha mwili kwa ajili ya picha, zile reli ndo watu waliletwa nazo. Hata mahali kamera inaruhusiwa jiulize nani atakuwa katikati ya fremu. Ukishajiweka wewe katikati umeshawafukuza wenye mahali.

Mwalimu Kidete

Wanangu, naomba mzee wenu nichangie, nimefundisha historia muda mrefu na jambo hili linaniuma.

Huyo kijana amesema sisi siyo tuliowaua. Ni sawa. Lakini kuna wa kwetu waliouawa humo humo na hatuwajui. Kuna mtu anaitwa Bayume Mohamed Husen, jina la kuzaliwa Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na yeye mwenyewe vita vya kwanza vilimkuta mtoto wa miaka kumi hivi naye akaingizwa jeshini. Mwaka 1929 akafika Berlin, akadai mishahara yake na ya baba yake ambayo hawakulipwa, wakamkatalia. Akafanya kazi ya kuhudumia mezani, akawa anafundisha Kiswahili chuo kikuu pale Berlin, akaigiza kwenye sinema kadhaa. Mwaka 1941 wakamkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, bila kesi wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Mswahili wa Dar es Salaam, mwalimu wa lugha hii mnayoandikia hapa.

Mbele ya nyumba namba 193 mtaa wa Brunnenstraße, Berlin, tangu 2007 kuna kibamba cha shaba chenye jina lake kwenye njia ya waenda kwa miguu. Vibamba hivi vinawekwa na msanii Gunter Demnig tangu miaka ya 1990, vimeshapita 100,000 Ulaya, kila kimoja sentimita kumi kwa kumi, mbele ya nyumba ya mwisho aliyoishi mtu kabla ya kuchukuliwa. Wanangu mlioko huko, mnapita juu yake.

Kijana wa Kitaa 255

Shikamoo mwalimu. Mimi naishi vituo vitatu kutoka hapo. Sikuwahi kusikia jina hili hata siku moja.

Mwalimu Kidete

Marahaba mwanangu. Hukufundishwa, hilo si lako.

Mwana Katanga

Bandugu jambo. Miye niko naishi Brussels, kwetu ni Lubumbashi. Mwalimu amesema kweli kabisa na huku kwetu iko vile vile. Kule Tervuren, mfalme Leopold wa Pili alileta batu 267 kutoka Kongo mwaka 1897 ili Wabelgiji baje kubaangalia kama maonyesho. Saba balikufa. Makaburi yao iko pembeni ya kanisa ya Tervuren, yamepangwa mstari moja, na majina: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Batu mingi banakuja kupiga picha kwa ile jumba kubwa ya museum na bustani yake, ni nzuri sana ile bustani, kisha banarudi Brussels. Kanisa iko karibu tu kwa mguu na hakuna mutu. Miye nikienda na bageni nabapeleka kanisani kwanza, museum kisha. Picha napiga nikiwa chini, magoti kwa ardhi, ili majina isomeke.

Mangi Mdogo

Katanga ubarikiwe. Hii nilikuwa siijui.

Lenzi ya Lushoto

Mwalimu shikamoo, na Katanga asante sana ndugu yangu. Uzi umefika mahali ambapo nilitaka ufike na mmeufikisha vizuri kuliko mimi.

Niongeze upande wa kamera maana kibamba cha shaba ni kigumu kupiga. Shaba inaakisi anga, ukisimama juu yake ukapiga kwa chini utapata mng'ao mweupe na herufi hazisomeki. Piga magoti, kaa upande ambao kivuli chako mwenyewe kinakifunika, sogea mpaka kijae theluthi moja ya fremu halafu uache mawe ya njia na mlango wa nyumba vionekane nyuma, kwa sababu nyumba ndo habari yenyewe. Mvua ikiwa imetoka kunyesha ni nzuri zaidi, mawe yanakuwa meusi na shaba inajitokeza. Kikiwa kimefubaa kifute kwa kitambaa laini kikavu, wakazi wa huku nao hufanya hivyo, hakuna atakayekushangaa. Usiweke mguu wala begi kwenye fremu.

Na Sachsenhausen yenyewe iko Oranienburg, kaskazini ya Berlin, unapanda treni ya S1 mpaka mwisho halafu unatembea kama dakika 20, kiingilio bure. Zaidi ya watu 200,000 walifungwa pale kati ya 1936 na 1945. Eneo limebaki wazi sana, mabanda mengi hayapo, na huo uwazi wenyewe ndo wa kupiga, lenzi pana hapa ndo mahali pake, anga kubwa, ardhi kubwa, ukuta mbali. Msipige watu wanaolia pale. Kuna familia zinakuja kutafuta majina ya babu zao. Ujerumani kusambaza sura ya mtu bila ruhusa yake ni kosa kisheria, lakini hata isingekuwa kosa.

Mangi umenikumbusha pia, Wissmann, yule gavana wa kikoloni, sanamu yake ilisimamishwa Dar es Salaam 1909, ikapelekwa Hamburg 1922, wanafunzi wakaiangusha 1968. Na Berlin mtaa uliokuwa na jina lake kule Neukölln tangu 2021 unaitwa Lucy-Lameck-Straße, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa ngazi ya uwaziri Tanzania, binti wa Moshi. Kibao cha mtaa kinapigika vizuri sana jioni, na ni kumbukumbu yetu pia.

Mangi Mdogo

Lucy Lameck ana mtaa Berlin!!! Naomba mtu aliye huko aweke picha hapa leo leo.

Dereva wa Fuso

Hapa nimekaa tangu juzi sijachangia kitu ila nimesoma kila mstari. Mimi naendesha Tunduma, sijapanda ndege, lakini kwetu Songea tuna makaburi ya mashujaa wa Maji Maji, na yule rais wa Ujerumani Steinmeier alikuja pale Novemba 2023 akaomba msamaha. Nikishuka likizo nitapiga pale kwa namna mlivyoeleza, majina yasomeke.

Lenzi ya Lushoto

Kaka piga asubuhi mapema na ukimaliza leta humu, tutazipa nafasi yake.

Kijana wa Kitaa 255

Zile picha za suti nimezitoa. Kesho natoka kazini saa tisa, nataka niende Brunnenstraße na jioni nipite Neukölln kwa ajili ya Mangi. Mkuu nashukia wapi, na saa hizo mwanga wa pale ukoje?

Lenzi ya Lushoto

Panda treni ya U8 ushuke Rosenthaler Platz, Brunnenstraße inaanzia hapohapo unaifuata kwenda kaskazini, namba 193 ni karibu, angalia chini mbele ya mlango. Mtaa una nyumba ndefu pande zote mbili, kwa hiyo jioni utakuwa na kivuli laini, kwa shaba ni afadhali kuliko jua. Ukimaliza panda U8 ileile kurudi kusini mpaka Hermannplatz, hapo uko Neukölln na mtaa wa Lucy Lameck unaufikia kwa miguu. Beba kitambaa.